Mwandiko wa Kijana Hausomeki: Tuanzie Mkononi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Tabata na nina kijana wa kidato cha pili ambaye mwandiko wake hausomeki. Muhula huu amerudishiwa insha mbili za Historia bila kusahihishwa. Mwalimu ameandika neno moja tu, "haisomeki". Mimi nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980, tulikuwa na kipindi cha mwandiko na tulichapwa kwa herufi iliyotoka nje ya mstari. Yeye ananijibu kwamba atakapomaliza shule kila mtu atakuwa anaandika kwa simu. Je, ni simu zilizoua mwandiko wa watoto wetu? Nimhangaishe au nimwache? Na nikimnunulia kalamu nzuri ya wino, itasaidia?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelipokea mara nyingi kwa sura tofauti, kutoka kwa wazazi na kutoka kwa walimu vijana niliowafundisha chuoni kabla sijastaafu, na karibu kila anayeliuliza huja tayari na mtuhumiwa wake, ambaye ni simu. Nikujibu kwanza kwa ufupi ili usisome maelezo yote haya ukiwa roho juu: simu ina mchango wake, lakini mwandiko wa watoto wetu ulianza kuharibika kabla simu ya kwanza ya kiganjani haijaingia nyumbani kwako, na kijana wako, kwa jinsi ulivyomweleza, sioni kwamba ni mvivu. Naona mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa kando yake akautazama mkono wake unavyokwenda anapoandika. Daftari lake limetazamwa na wengi. Mkono wake haujatazamwa na mtu. Jambo hilo hurekebishika hata katika umri wake, na nitakueleza namna, ila itabidi nipite njia ndefu kidogo, kwa sababu usipojua tulichokuwa tunafundishwa hasa katika kile kipindi unachokikumbuka, utamnunulia kijana kalamu na kumpa amri, na vyote viwili vitapotea bure.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule moja ya Ilala, na kalamu yangu ya kwanza ilikuwa kidole cha shahada. Mwalimu wetu alitupanga chini ya mwembe, akatugeuzia mgongo ili mkono wake wa kulia uwe upande mmoja na mikono yetu, akauinua juu, nasi tukauinua yetu, tukaandika naye hewani huku yeye akitamka mwendo wa herufi kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Zunguka kushoto, rudi juu, ziba, shuka, acha mkia." Hiyo ilikuwa a. Baada ya hewani tukaandika mchangani, na mchanga una fadhila moja ambayo daftari halina, kwamba kosa hufutwa kwa kiganja na ushahidi ukapotea papo hapo. Vibao vilifuata, tukavifuta kwa mate na mkono wa shati ingawa kila mmoja alikuwa ameagizwa kitambaa. Daftari lilikuja baadaye, na tulilipokea kama mtu anavyopokea cheo.

Katika darasa la tatu kipindi cha mwandiko kilikuwa cha dakika 30, na mwalimu aliandika ubaoni sentensi moja tu, mara nyingi methali. Ninaikumbuka vizuri "Haba na haba hujaza kibaba", kwa sababu tuliirudia mpaka ikatuchosha, na nilidhani wakati huo kwamba tunahimizwa kuweka akiba. Nikiwa mkufunzi ndipo nilipokaa nikahesabu: sentensi hiyo ina a 9, b 4 na h 3. Mwalimu hakuwa akitufundisha uchumi. Alikuwa akitupa a nyingi kadiri inavyowezekana katika mstari mmoja, kwa kuwa a ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, na anayeiharibu a ameharibu ukurasa mzima. Sisi tukinakili, yeye alipita nyuma ya madawati, na hili ndilo ninalotaka ulishike: hakuwa akitazama karatasi. Alitazama vidole. Akimwona anayeanzia herufi chini kwenda juu, au anayezungusha duara kuelekea kulia, alimwinamia, akaufunika mkono wake kwa mkono wake mwenyewe na kuuongoza mara tatu nne, kisha akaenda kwa mwingine bila kusema lolote.

Wino tuliukuta darasa la tano. Madawati yalikuwa na tundu la kuwekea kidau, monita akakoroga wino wa unga asubuhi, na kalamu za kuchovya zenye nibu zikagawanywa na kuhesabiwa kama visu. Nibu ile ilikuwa mwalimu wa pili. Ukiteremsha mstari uliweza kukandamiza na mstari ukawa mnene; ukipandisha kwa nguvu ileile, ncha ilichimba karatasi na kurusha matone mpaka kwa jirani. Kwa hiyo mkono ulijifunza wepesi kwa lazima. Nilirudi nyumbani mara nyingi na madoa ya buluu kifuani, na mama akayasugua kwa ndimu na chumvi huku akiuliza kama tunasoma au tunapaka rangi. Peni za kawaida zilipoenea, walimu wengi wa zamani walizikataza kwa muda, na watoto tuliona ni ubishi wa wazee, lakini walikuwa na hoja: peni huandika vyovyote utakavyoishika na utakavyoikandamiza, hivyo haimkosoi mtu.

Nisikudanganye lakini kwamba ilikuwa bustani. Umetaja kuchapwa, nasi tulichapwa, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona herufi iliyonyooshwa na kiboko. Nilichoona ni watoto wanaobana kalamu kwa hofu mpaka ukucha unageuka mweupe, na mkono uliobanwa hauandiki vizuri. Dada yangu alikuwa wa shoto. Katika shule yake, ambayo sitaitaja, mwalimu aliufunga mkono wake wa kushoto kwa kipande cha kanga kwenye kiti chake, muhula mzima, mpaka akahamia kulia. Alihamia kweli, lakini hadi leo ni bibi mwenye wajukuu na anaandika polepole kama mtu anayetembea na kiatu cha mwenzake, na orodha ya sokoni anaiandika kwa kushoto pale anapodhani hatumwoni. Kwa hiyo ninaposema tumepoteza kitu, simaanishi kila kilichofanyika katika kipindi kile. Ninamaanisha yule mtu mzima aliyesimama nyuma ya dawati akitazama vidole.

Ni kweli pia kwamba wakati ule mwandiko ulikuwa na bei ambayo leo haina. Aliyekuwa na hati nzuri alipata ukarani, na karani alikuwa mtu mtaani. Barua zilikwenda kwa stempu, foleni za Posta zikawa ndefu, na jirani aliyeandika vizuri alikuwa mwandishi wa barua za mtaa mzima, pamoja na zile ambazo mwenyewe aliyezituma angeona haya kuzisoma kwa sauti. Mama yangu alijifunza kuandika ukubwani, katika kisomo cha watu wazima kilichoendeshwa jioni miaka ya 1970, ile kampeni iliyoshusha idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Siku alipoweka sahihi yake badala ya dole gumba, aliirudia sahihi ile nyuma ya bahasha, juu ya kalenda na pembeni mwa gazeti, herufi kubwa zilizoachana kama watu wasiosemezana, na hakuna mtu aliyediriki kumwambia kwamba si nzuri.

Tena pwani yetu imewahi kupoteza mwandiko mmoja kabla ya huu. Barua za Kiswahili za zamani zaidi tulizonazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Kwa vizazi vingi watoto wa mwambao walijifunza hati hiyo chuoni, yaani madrasa, wakiandika kwa kalamu ya tete juu ya ubao uliooshwa na kuandikwa tena, na mfanyabiashara wa Bagamoyo aliweka hesabu zake kwa herufi hizo. Utawala wa Wajerumani, na baada yao Waingereza, uliweka herufi za Kilatini shuleni na ofisini, na katika umri wa mtu mmoja hati ile ikawa ya dini peke yake. Babu yangu aliacha sandukuni karatasi za mkopo wa nazi ambazo hakuna mjukuu hata mmoja anayeweza kuzisoma. Kilichokatika pale kilikuwa mlolongo wa mwalimu na mwanafunzi. Ulipokatika, herufi zilibaki kwenye karatasi lakini mikono inayoziandika ikaisha. Nayasema haya kwa sababu yanafanana na yaliyotupata baadaye, ingawa safari hii hakuna mkoloni aliyeyaleta.

Yaliyotupata ni hesabu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto aingie shuleni, na mwaka 1977 ukawa ndio mwaka wa kulitimiza. Walimu wengi waliandaliwa haraka, wakijifunza ualimu huku tayari wanafundisha. Baadaye ada ikafutwa chini ya MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa milioni 4.4 hivi mwaka 2000, wakazidi milioni 7.5 ilipofika 2005. Kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Hakuna mtu mwenye akili atakayeniambia hayo yalikuwa makosa. Watoto wale walistahili kuwa darasani. Lakini chukua kipindi cha dakika 30 ukigawe. Katika darasa letu la watoto 40, mwalimu aliweza kumpa kila mkono sekunde 45. Katika darasa la watoto 120, ambalo si ajabu hapa Dar es Salaam, kila mkono una sekunde 15, na hiyo ni endapo mwalimu ana njia ya kupita katikati ya madawati. Walimu waliona wenyewe kwamba haiwezekani, wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: walikusanya madaftari, wakasahihisha matokeo. Hapo ndipo mkono ulipoachwa peke yake. Kipindi cha mwandiko kilibaki kwenye ratiba kwa muda, kikageuka kuwa dakika za kunakili huku mwalimu akisahihisha hesabu za jana, halafu kikafifia.

Mtihani nao ukasukuma upande huohuo. Tangu mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba umekuwa ukijibiwa kwa sehemu kubwa katika fomu ambazo mtoto huweka kivuli kwa penseli na mashine ikasahihisha. Usahihishaji ukawa wa haraka, hilo halina ubishi, lakini mzazi akiuliza mwandiko utamsaidia nini mtoto kwenye mtihani huo, mwalimu hana jibu la kumpa. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015, ule wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uliirudisha kazi ya kuumba herufi mahali pake, na niliufurahia sana. Kijana wako bila shaka alipita humo. Ila mkono wa mtoto wa miaka saba haujakomaa. Unachohitaji ni mtu wa kuutazama mpaka darasa la nne au la tano, wakati maandishi yanapokuwa mengi na kasi inapoanza kudaiwa, na hapo ndipo tunapowaacha. Upande wa pili kuna shule za chekechea zinazomlazimisha mtoto wa miaka mitatu kushika penseli ili wazazi waone daftari limejaa. Vidole vya umri ule bado havijawa tayari, kwa hiyo vinabuni njia yao ya kubana, na njia hiyo ikishazoeleka huwa kama kigugumizi.

Sasa nikupe jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Kijana wako alipoingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia ilibadilika ikawa Kiingereza, na insha ya Historia anaiandika kwa maneno ambayo hana hakika na tahajia zake. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza hakina adabu hiyo. Nimekutana na wanafunzi wengi ambao mwandiko mbaya ni maficho yao: hajui kama hapa kuna e au i, basi anaandika kijimstari kinachoweza kuwa chochote, akitumaini kwamba msahihishaji atamfikiria vyema. Kabla hujafanya lingine lolote, mpe karatasi mbili. Ya kwanza akusimulie kwa Kiswahili mechi aliyoitazama mwisho, ya pili akusimulie jambo hilohilo kwa Kiingereza, kila moja kwa dakika kumi. Ukiona karatasi ya Kiswahili inasomeka na ya Kiingereza haisomeki, mkono hauna kosa, na utakuwa unapoteza muda kumfundisha herufi wakati anachohitaji ni msamiati na tahajia. Zote mbili zikiwa hazisomeki, endelea kunisikiliza.

Kuhusu simu nitasema machache. Imeondoa mazoezi ya nje ya shule: barua, orodha, kadi, salamu za sikukuu. Imezoesha pia ufupisho, na nimesahihisha insha zenye "cjui" na "xaxa" kama ulivyosahihisha wewe ujumbe wa watoto wako. Lakini simu imeukuta mkono uliokwisha dhoofika. Watoto waliofundishwa vizuri hushika simu saa nyingi vilevile na mwandiko wao hubaki pale ulipokuwa.

Hoja ya kijana kwamba siku hizi kuandika kwa mkono hakuna maana usiidharau, kwa sababu hata nchi tajiri zimeyumba juu yake. Ufini iliondoa ulazima wa mwandiko wa kuunganisha mwaka 2016 na kubaki na herufi za kuachana pamoja na kibodi. Jimbo la California huko Marekani, kinyume chake, limetunga sheria ya kuurudisha mwandiko wa kuunganisha katika shule za msingi, nayo ilianza kutumika mwaka 2024. Utafiti nao unahitaji kusomwa kwa utulivu. Karin James wa Marekani alionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miaka mitano ambao hawajajua kusoma, walipojifunza herufi kwa kuziandika wenyewe, sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka pale walipoonyeshwa herufi hizo tena. Waliozibonyeza kwenye kibodi, na hata waliozifuatisha juu ya alama zilizochapwa, hawakuwa hivyo. Ndiyo maana sipendi vile vitabu vya kufuatisha herufi za nukta nukta vinavyouzwa kwa wingi Kariakoo. Norway, timu ya Audrey van der Meer ilipima wanafunzi 36 wa chuo kikuu na kuchapisha mwaka 2024 kwamba kuandika kwa kalamu kunaunganisha sehemu nyingi zaidi za ubongo kuliko kubonyeza herufi. Upo pia utafiti maarufu wa mwaka 2014 uliosema wanaoandika noti kwa mkono huelewa zaidi kuliko wanaotumia kompyuta, na huo husambazwa sana, ila waliourudia baadaye walipata tofauti ndogo au isiyo ya uhakika. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, basi, ningekuambia kalamu ni ya lazima kwa ajili ya kusoma kwenyewe. Kwa kijana wa kidato cha pili sababu yangu ni ya kawaida zaidi: mwishoni mwa mwaka ana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, miaka miwili baadaye ana mtihani wa kidato cha nne, karatasi za saa tatu ambazo bado zinaandikwa kwa mkono, na msahihishaji asiyemjua hana wajibu wa kukisia. Na akitaka kwenda Jeshi la Polisi atakuta tangazo la ajira linaloagiza barua ya maombi iandikwe kwa mkono.

Basi mhangaishe, lakini kwa adabu. Mweke mezani, miguu ikiwa imegusa sakafu. Wengi wa watoto wetu huandika wakiwa wamelalia tumbo kitandani au wameweka daftari juu ya paja, na hakuna mwandiko unaotoka hapo. Kama anatumia mkono wa kulia, kaa kushoto kwake ili mkono wake usikufichie ncha ya kalamu. Mwambie aandike: "Baba yangu ana ng'ombe wanne." Usiitazame sentensi. Tazama a inaanzia wapi. Inatakiwa ianzie juu, upande wa kulia kidogo, pale penye namba 1 ya saa ya ukutani, ambayo sisi tunaiita saa saba. Izunguke kushoto, irudi juu mpaka ilipoanzia, izibe, ndipo iteremke. Asiyeziba a yake huandika u, na "baba" anakuwa "bubu". Kisha tazama n. Ikianzia chini bila ule mlima wa juu inakuwa u nayo, na "ana ng'ombe" inasomeka "aua ng'ombe". Mwalimu wa Historia aliyekuta kurasa tatu za namna hiyo usimlaumu kwa kuandika neno moja tu. Ninavyoona mimi, ukirekebisha a, n na u peke yake, insha ya Kiswahili iliyokuwa haisomeki itaanza kusomeka, hata kama herufi nyingine zimebaki na vituko vyake.

Geuza ukurasa upitishe kidole nyuma yake. Ukihisi herufi zimetokeza kama makovu, anakandamiza mno, na mkono unaokandamiza huchoka kabla ya nusu saa ya mtihani. Kalamu inatakiwa ilale juu ya kidole cha kati, ikishikwa na kidole gumba na cha shahada kwa wepesi wa kutosha kiasi kwamba ukiichomoa ghafla itatoka. Penseli laini humsaidia kwa majuma ya kwanza. Daftari nalo lisinyooke wima mbele yake. Sehemu yake ya juu iinamie kushoto kidogo. Kama ni wa shoto, kila kitu kinageuka: kaa kuliani kwake, daftari liinamie kulia, ashike kalamu juu zaidi ya ncha ili aone anachoandika, na darasani aombe kukaa mwisho wa dawati upande wa kushoto, vinginevyo viwiko vyake na vya jirani vitapigana kutwa nzima. Mkono wenyewe usiuguse. Tulikwisha kufanya kosa hilo kwa dada yangu.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, kila siku, na zisizidi 15. Juma la kwanza achukue ndugu wa a, ambao ni d, g na o, kwa sababu zote zinaanza kwa mzunguko uleule, juma la pili ndugu wa n, yaani m, h, r, b na p, halafu zilizobaki. Asirudie herufi moja mstari mzima, maana ya kwanza itakuwa nzuri na ya kumi na tano itakuwa ameshalala. Aandike maneno, na aandike maneno anayoyapenda. Kijana mmoja niliyemsaidia alinakili kwa miezi miwili orodha ya wachezaji wa Simba, na mwenzake wa Yanga alifanya vivyo hivyo kwa ushindani. Adhabu ya kuandika sentensi moja mara mia usiitumie nyumbani na, ukiweza, izungumzie shuleni, kwani hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuufundisha mkono uzembe. Usimdai mwandiko wa kuunganisha kama wako wa miaka ya 1980. Herufi za kuachana zilizo safi, zinazogusana pale zinapotaka zenyewe, zinamtosha msahihishaji. Kasi uidai mwishoni: baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, anakili aya kwa dakika tatu, uhesabu maneno yanayosomeka tu, na urudie kipimo hicho kila Jumapili.

Kama baada ya miezi mitatu hakuna badiliko, au analalamika mkono unauma kila anapoandika, au anasoma na kujieleza vizuri lakini maandishi yanampiga chenga hata akitulia, kwanza apimwe macho, kisha uzungumze na shule. Wapo watoto ambao kuandika kwa mkono ni kugumu kwao kwa asili, na kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu upo utaratibu wa kuongezewa muda kwenye mitihani ya taifa, ambao hupitia kwa mkuu wa shule na huanza mapema, si wiki ya mtihani. Wakati huohuo mwombe mwalimu wa Historia akubali insha zile mbili ziandikwe upya. Nenda mwenyewe, usimtume kijana.

Kalamu ya wino usimnunulie bado. Itavuja kwenye mfuko wa shati jeupe, itamlazimisha kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, na ikipotea utakuwa ugomvi wa juma zima. Peni ya kawaida isiyokwama, nene kidogo kama vidole vyake vinabana, inapatikana katika steshenari yoyote hapo Tabata. Ila karatasi ile ya kwanza, yenye ng'ombe wanne, iandike tarehe pembeni na uitunze kabatini, umtolee siku atakapokuambia kwamba hakuna kilichobadilika.